Glavu za Krismasi ya Kwanza

Kama kuna mtu aliyezaliwa na wivu jinsi wengine wanavyozaliwa na kigugumizi, basi ni Gunnvor wa kwetu. Sisemi kwa ubaya, ni jirani yangu. Chapati zake za viazi hazina mpinzani ghuba nzima ya Hardanger, na ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kugonga mlango na sufuria mkononi. Lakini wivu! Mwanamke yule anaweza kuuonea wivu mtofaa wa jirani kwa sababu umechanua siku mbili kabla ya wake. Haya ninayosimulia alinieleza mwenyewe, jikoni kwake, mikono imejaa unga.

Ilikuwa Januari, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Muuguzi wa nyumba ya kulelea wazee kule Hallingdal, ng'ambo ya mlima, alimwambia Eilev kwamba mama yake, Bi Ragnfrid, hapumui vizuri. Ana miaka tisini na moja. Kama wanataka kumwona, wasingoje wikendi.

Eilev akaanza kutia nguo kwenye mkoba. Gunnvor akabaki amesimama mezani, anaukanda unga uliokwisha kukandika.

"Si lazima uje," Eilev akamwambia, bila kumtazama.

"Nisipokuja, wale wawili watasema nini?"

Wale wawili ni wake wa kaka zake Eilev. Hapo ndipo kwenye kidonda, acha nikionyeshe kabla gari halijaondoka.

Kwao Ragnfrid, mkwe wa kike hapokewi kwa maneno. Anapokewa kwa glavu. Krismasi ya kwanza baada ya harusi, mama mkwe humfumia glavu za sufu, zile zenye mfuko mmoja wa vidole vinne na kijumba cha dole gumba, nyeusi kwa nyeupe, na herufi ya jina lake kwenye kifundo. Wale wawili walipata zao. Kila Krismasi walikuja nazo kwa mama mkwe, wakazivua taratibu mlangoni na kuzianika juu ya jiko, pale pale ambapo kila anayeingia lazima azione. Gunnvor hakupata. Krismasi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akawa anafika na glavu zake za dukani na kuzisokomeza mfukoni kabla hajagonga, roho inamuuma mpaka anashindwa kumeza nyama.

Kwa nini hakuuliza? Jamani, kwetu mtu haulizii zawadi! Afadhali uingie kanisani bila suruali. Na aliyetoa naye haulizi kama imekufikia. Anangoja asante, na asante lazima itoke mdomoni mwako wewe mwenyewe, ana kwa ana. Ukilishwa kwangu Jumamosi, tukikutana dukani Jumanne unanishukuru tena, na tukikutana Machi unanishukuru tena. Asiyeshukuru tunamwacha na ufidhuli wake, wala hatumwambii kosa lake.

Basi Gunnvor akajitafutia sababu mwenyewe, na sababu ilikuwa na jina: Borghild.

Borghild ndiye aliyekuwa mchumba wa Eilev miaka miwili kabla ya Gunnvor. Nyumba yao na ya Ragnfrid zilitenganishwa na ua wa mawe tu. Msichana alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kicheko, anaingia kwa Ragnfrid bila kugonga. Kisha Eilev akaja upande wetu kujenga maghala ya tofaa, akala chapati za Gunnvor, na uchumba ukavunjika. "Mama mkwe alimtaka Borghild, akaletewa mimi," ndivyo Gunnvor alivyosema miaka yote. Akakumbuka na siku ya kwanza alipotambulishwa: bibi kizee aliushika mkono wake wa kulia, akaugeuza juu chini, akautanulia vidole vyake kuanzia kifundoni hadi ncha, kisha akasema neno moja, "Mkubwa." Basi. Hakuongeza kitu. Gunnvor ana mikono mipana ya mtu wa unga, anajijua. Lile neno alilimeza na hakulitapika tena.

Na Mungu naye ana mizaha yake. Borghild hakuolewa akahamia mbali, hapana. Alipata kazi ya kuendesha lori la kukwangua theluji, juu kule kwenye uwanda wa mlima, na kwa Ragnfrid hakukanyaga tena. Barabara ya kwenda kwa mama mkwe ni moja, na mwenye barabara ni Borghild.

Ndiyo maana safari zilipungua, ikabaki ile ya Krismasi tu. Leo Gunnvor anaumwa kichwa, kesho ana oda ya chapati za harusi. Miaka ishirini na sita ikapita namna hiyo. Asubuhi ile, wakipandisha mlima huku upepo umeanza kuchapa madirisha, aliniambia alikuwa na nia moja tu: afike, asimame mlangoni, aseme pole, arudi kukaa garini. Bibi kizee afe bila kumwona akilia.

Kwenye kizuizi cha barabara walikuta boriti imeshushwa. Siku kama ile hakuna anayeruhusiwa kuvuka peke yake. Magari hupangwa msafara, lori moja la theluji linatangulia, jingine linafuata nyuma, na wewe kazi yako ni kutotoa macho kwenye taa nyekundu zilizo mbele yako. Mtu mwenye koti la njano alikuwa akipita dirisha kwa dirisha na orodha. Gunnvor aliijua sauti kabla haijawafikia. Akafanya alichokifanya miaka yote: akaegemea kioo, akafumba macho, akaachia mdomo wazi kidogo ili aonekane amelala kweli.

"Mafuta?" Borghild akauliza.

"Robo tatu ya tangi," Eilev akajibu.

"Koleo, mablanketi, kitu cha kutafuna?"

"Vyote vipo."

"Na huyo? Kalala au kafa?"

"Kalala."

"Mwenye bahati! Haya, macho kwenye taa. Usisimame hata mbingu ikianguka."

Angefumbua jicho moja tu, mambo yangeishia pale pale. Lakini nani wa kumwambia?

Walitambaa saa nzima katikati ya weupe mtupu. Hakukuwa na mlima, hakukuwa na barabara, ni taa mbili nyekundu zinazokuja na kupotea. Kisha taa zikasimama. Mbele huko, trela la samaki lilikuwa limeteleza na kujilaza likaziba njia yote, na theluji ilikuwa inajaa kwenye magurudumu upesi kuliko watu walivyoweza kuifukua. Magari kumi na saba yakaelekezwa moja moja hadi kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara, na mlango ukafungwa nyuma yao kwa mabega ya wanaume watatu. Ilikuwa saa sita mchana.

Ndani kulikuwa na jiko kubwa la kuni, supu ya kondoo na kabichi, kahawa isiyokwisha, na harufu ya soksi mbichi. Watu wa kwetu wakikwama hawalalamiki. Wanavua viatu, wanatoa mikate yao yenye jibini ya kahawia, wanaulizana wametoka wapi. Gunnvor alikaa dirishani peke yake, na dirisha lenyewe lilikuwa limeshaziba kwa theluji. Eilev alichukua koleo akatoka kwenda kusaidia kwenye trela. Haraka mno, Gunnvor akawaza. Ana haraka ya kwenda kufukua karibu na nani?

Saa nane simu ya Eilev, aliyoiacha mezani, ikalia. Gunnvor akapokea. Alikuwa muuguzi yule yule.

"Anapumua, lakini amechoka sana," muuguzi akasema. "Kila anapoamka anauliza, wamefika wapi."

"Anamuulizia mwanawe."

"Mimi nakwambia anavyosema, bibi. Anasema wamefika wapi."

Gunnvor akakata simu, akajiambia ni namna tu ya wazee kusema.

Hapo mlango ukafunguka, na Borghild akaingia amebeba nusu ya mlima mabegani. Alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa za kijivu, lakini kicheko kilikuwa kile kile, kilianza hata kabla hajafunga mlango. Akaitwa huku akapewa kahawa, akaitwa kule akapewa mkate. Gunnvor akamtazama kwa chini: hata kuchoka kunampendeza, mwanamke huyu! Borghild akavua glavu, akazipigapiga pamoja kudondosha theluji, akaziweka juu ya jiko.

Nyeusi kwa nyeupe. Nyota ya ncha nane, na katikati ya nyota kijimsalaba kidogo. Kile kijimsalaba hakuna anayekifuma bonde zima ila Ragnfrid.

Gunnvor aliniambia ilikuwa kama amemwagiwa uji wa moto kifuani. Kumbe! Kumbe zilifumwa! Bibi kizee alifuma jozi ya tatu, ila aliipeleka ng'ambo ya ua wa mawe, kwa yule aliyemtaka tangu mwanzo. Miaka ishirini na sita Gunnvor alijipa moyo kwamba huenda uzi uliisha, huenda macho ya mzee yaliuma. Akajikuta amesimama. Hakujua kama anakwenda kumpiga Borghild au kuzitupa zile glavu motoni.

Lakini Borghild ndiye aliyemfuata yeye, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine ameunyoosha.

"Gunnvor, sivyo? Mimi Borghild. Miaka yote hii nakuona umelala tu, nikasema leo hunitoroki." Akamshika mkono akautikisa. "Asante kwa glavu, dada. Nimeshindwa kukushukuru miaka ishirini na sita, na jambo hilo limeniuma. Ziliniokolea vidole."

"Glavu gani?" Gunnvor akauliza.

"Zako. Hizo pale."

"Unanicheka mimi?"

"Nikucheke kwa lipi?" Kicheko kikafutika usoni. "Ile dhoruba ya Januari, baada ya Krismasi yenu ya kwanza. Eilev alitoka kwa mama yake, gari likazama. Nilikuwa mgeni kazini, nikashuka kumfukua, upepo ukanipokonya glavu moja. Vidole vikawa vyeupe kama mshumaa. Yeye akachana kifurushi akanivika hizi. Nilimwambia ni za mkeo hizi, akasema nitamweleza. Hakukueleza?"

Gunnvor alikwenda kwenye jiko, akaichukua glavu moja na kuukunjua ukingo. Herufi ilikuwepo, imefumwa kwa uzi mweupe: G. Chini yake, 1999.

Wakati huo Eilev alikuwa ameingia na koleo lake, ndevu zimeganda. Akaona glavu, akamwona mkewe, akamwona Borghild. Akaliweka koleo chini polepole sana.

"Eilev," mkewe akamwita. Chumba kizima kiliacha kutafuna. "Hizi ni za nani?"

"Zako."

"Mama yako aliniletea?"

"Alinipa nikuletee."

"Na ulinyamaza!"

"Gunnvor, mke wangu, kumbuka ulivyokuwa. Jina la Borghild likitajwa tu, wiki nzima hunisemeshi. Ningekwambiaje kwamba glavu zako za Krismasi nimemvika yeye? Nikasema ngoja itulie. Nikangoja."

"Na mama yako hakuuliza kitu? Hata mara moja?"

Eilev akavua kofia, akaikamua mkononi. "Mara moja. Aliniuliza kama umezipata."

"Ukasema?"

"Nikasema umezipata, na umefurahi."

Mzee mmoja mwenye supu akashindwa kujizuia. "Ebo! We bwana, umejichimbia!"

Gunnvor alikaa chini. Mambo yalimjia moja moja, na kila moja liliuma mahali pake. Ragnfrid aliambiwa mkwe amefurahi, kisha akamwona Krismasi iliyofuata amekuja na glavu za dukani, ameinamisha kichwa, haleti hata asante ya kinafiki. Ishirini na sita! Bibi kizee alingoja neno moja mezani kwake Krismasi ishirini na sita, na Gunnvor akawa anangoja glavu meza hiyo hiyo, kila mmoja akimwona mwenzake ana kiburi. Na sasa mmoja wao anakata roho upande wa pili wa dhoruba.

Akaivaa ile glavu. Ilimkaa. Haikubana wala haikupwaya; dole gumba lilifika pale dole gumba linapofika. Hakuna glavu ya dukani iliyowahi kumkaa hivyo. Ndipo akaelewa ule mkono ulioshikwa na kugeuzwa siku ya kwanza, na vile vidole vilivyotanuliwa kuanzia kifundoni. Mkubwa, alisema. Alikuwa anapima.

Hapo mtasema wivu ulikwisha. Wapi! Uliwaka upya. Viganja vilikuwa vimelainika kwa usukani wa mtu mwingine. Madole gumba yote mawili yalikuwa yamelika na kufumwa upya kwa uzi wa kijivu. Baridi ishirini na sita mkono wa Borghild ulipata joto humu, na yeye, mwenye herufi, anapuliza vidole.

"Zichukue," Borghild akasema kwa sauti ndogo. "Nilizitunza nilivyoweza. Ningejua, ningekuletea kwa miguu."

"Nazichukua," Gunnvor akasema. Kisha, kwa shida, maana ni mtu wa kwetu na adabu haiachiki: "Asante kwa kuzitunza."

"Mnakwenda kwa Ragnfrid? Nimesikia yuko taabani."

"Tukifika."

"Mtafika. Trela limeshavutwa. Ninyi mtakuwa wa kwanza nyuma yangu, na atakayebisha aje aniambie."

Saa tisa na nusu msafara ulipangwa. Gunnvor alinyoosha mkono wenye glavu mbele ya mumewe. "Funguo." Eilev akatoa funguo, akaenda kukaa upande wa abiria. Kwa saa mbili Gunnvor aliendesha akikodolea macho taa mbili nyekundu za Borghild. Alimtazama mwanamke yule kuliko alivyowahi kumtazama mtu yeyote maishani mwake, bila kupepesa, kwa sababu akimpoteza amepotea. Upepo ukizificha, anainamia usukani. Taa zikitokea tena, anajikuta anasema, haya, nenda, nenda, mwanamke wewe, usisimame. Kwenye kizuizi cha chini Borghild alipiga honi mara mbili, akageuza lori kurudi juu. Gunnvor naye akapiga mara mbili.

Walifika saa moja jioni. Wale wawili walikuwepo, wamekaa pande mbili za kitanda, na glavu zao ziko juu ya mapaja kama kawaida yao. Gunnvor hakuwatazama hata. Akaenda moja kwa moja kitandani bila kuvua koti, akapiga magoti.

Ragnfrid akafumbua macho. Akaiona glavu. Mkono wake mkavu ukatoka chini ya blanketi, ukaishika ile ya kulia, ukaigeuza juu chini kama siku ile ya kwanza, ukapapasa nyota, ukapapasa kifundo, ukafika kwenye dole gumba na kusimama.

"Nani kafuma hapa?" akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. "Huu si uzi wangu."

Gunnvor angeweza kusema mimi. Ulimi ulikuwa tayari, na bibi kizee asingeishi hadi kuchunguza. Jina la Borghild ndani ya chumba kile, mbele ya wale wawili, lilikuwa jambo la mwisho alilotaka kulitoa kinywani mwake.

"Borghild, mama," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa nazo. Mimi sikuwahi kuzipata hadi leo mchana. Sikujua kama ulinifumia. Asante kwa glavu. Asante, mama, asante sana."

Macho ya bibi kizee yakamhamia mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Wewe uliniambia amefurahi."

"Ndiyo, mama."

"Toka nje."

Eilev, mtu wa miaka hamsini na saba, akatoka nje.

"Zimekutosha?" Ragnfrid akauliza.

"Zimenitosha kabisa."

"Nilijua." Akapumua, akapumzika, akalirudia dole gumba. "Borghild alikuwa msichana mwema. Lakini dole gumba hakuwahi kuliweza. Tazama hapa. Limepinda."

Gunnvor akatazama. Lilikuwa limepinda kweli! Mungu amsamehe, aliniambia kwamba hata siku ya harusi yake hakufurahi hivyo.

"Lifumue," mzee akasema. "Vua koti. Nitakuonyesha."

Hakufa usiku ule. Aliishi siku tisa zaidi, na Gunnvor alikaa naye zote tisa, oda za chapati zikapotea. Hakuwahi kushika sindano za kufumia maishani mwake. Alifuma, akafumua, akatukanwa, akafuma tena, na kila asubuhi alianza kwa asante, na kila asubuhi mzee akajibu si kitu, mwanangu. Siku ya nane dole gumba la kulia likakubaliwa. La kushoto walisema wataanza kesho yake jioni.

Sasa ukimwona Gunnvor njiani msimu wa baridi utazijua. Dole gumba moja ni jeusi, limenyooka. Lingine ni la kijivu. Nilimuuliza juzi kwa nini hilo la pili halifumui, maana siku hizi anajua. Akanikata jicho.

"Hilo ni la Borghild," akasema, akaninyooshea karibu na pua. "Limepinda. Huoni?"